Kumi na Wanane Kwenye Daftari

Tabora,
14 Januari 2024

Mpendwa Mjomba Otto,

Shikamoo. Natumaini mguu wako wa kushoto umeacha kulalamika, ingawa mvua za Songea nazijua na mguu wako naujua. Sisi huku hatujambo. Watoto wamefungua shule, baba yao George anasafiri Nzega mara mbili kwa wiki, na mimi nimeongezewa mikondo miwili ya hisabati kidato cha tatu, wanafunzi wote hawajui sehemu wala desimali. Mama nilimpigia juzi. Yuko Lusewa kwenye mahindi yake, ananiambia mbolea imefika, basi. Unamfahamu dada yako, maneno anayatoa kama mtu anayegawa chumvi.

Sasa nilichokusudia kukuandikia. Kwaya yetu imepata nafasi ya kurekodi mwezi wa nane. Nyimbo kumi, na sita kati ya hizo ni zako, Mjomba! Mimi ni katibu lakini sikupendelea, wanakwaya wenyewe walipiga kura. Tulipoimba "Saba" kwenye misa ya Noeli, mama mmoja alitufuata hadi nje akiuliza ni nani aliyetunga kitu kile. Nikasema ni mjomba wangu, yuko Ruhuwiko anafuga kuku. Nilijisikia mtu mkubwa siku nzima.

Ila kamati ina shida na majina. Mwenyekiti wetu, mzee Aidan, anasema namba si jina, msikilizaji atadhani ni mpangilio wa nyimbo kwenye santuri. Kwa mfano "Kumi na Tisa", ambao ndio tunataka uongoze, anaomba tuuite "Fungua Dirisha", kwa kuwa ndivyo kibwagizo kinavyoanza. Mimi nimewaeleza kuwa namba zako ni za Zaburi, lakini hawakuelewa. Naomba ruhusa yako. Naomba pia nota za wimbo huo, maana nakala yetu ni kivuli cha kivuli, na sauti ya pili kwenye ubeti wa tatu imefutika kabisa.

Akupendaye,
Oliva


Ruhuwiko, Songea,
9 Februari 2024

Mpwa wangu Oliva,

Marahaba. Mguu bado unalalamika, na sasa umemfundisha mwenzake. Kuku ni kumi na wanne baada ya kicheche kupita. Pankrasi, yule besi wangu wa zamani, anakusalimu. Kila jioni anakuja kunieleza jinsi kwaya za siku hizi zinavyopiga kelele, kisha anaondoka na mayai.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha na mara ya tatu kwa kicheko. Zaburi! Nani alikuambia namba zangu ni za Zaburi? Wewe mwalimu wa hesabu ulishindwa kunihesabia?

Sikiliza. Wimbo wangu nikiumaliza nilikuwa naufundisha siku hiyo hiyo ya mazoezi, na jina lake ni idadi ya watu waliouimba mara ya kwanza. Ndiyo desturi yangu tangu nikiwa kijana. "Saba" ni kwa sababu mvua ilinyesha wakaja saba, pamoja na mbwa wa Pankrasi, ambaye sikumhesabu ingawa alishika sauti kuliko besi wote wawili. "Wanne Tu" ni msimu wa kuvuna. "Hamsini na Mmoja" ni siku ulipovuma uvumi kwamba baada ya mazoezi kuna pilau. Wakaja hata wasioweza kuimba. Pilau haikuwepo, lakini wimbo ulitoka mzuri kwa sababu walikuwa na njaa.

Wimbo hauna mtunzi mmoja, Oliva. Mimi naandika vidoti kwenye karatasi, wale watu ndio wanaoufanya uwe wimbo. Kuwaandika majina yote siwezi, basi naandika idadi yao. Kwa hiyo majina hayabadilishwi. Mzee Aidan mpe salamu zangu na umwambie hivyo.

Nota za "Kumi na Tisa" nimekutumia kwa basi pamoja na barua hii. Nimezifunga ndani ya daftari moja kuukuu la kwaya ili zisikunjwe njiani. Zihifadhi vizuri, sina nyingine. Uimbwe taratibu. Sauti ya pili ndiyo inayoubeba, wengine wote ni wasindikizaji.

Mjomba wako,
Otto


Tabora,
3 Machi 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nota zimefika salama. Nimecheka mpaka George akaja kuuliza kuna nini. Miaka mitano nimewaimbisha watu "Hamsini na Mmoja" polepole, wakati wa Kwaresima, nyuso zimeinama, kwa sababu Zaburi ya hamsini na moja ni ya toba! Kumbe ni wimbo wa watu wanaosubiri pilau. Jumanne iliyopita tumeuimba kwa mwendo wake na nusura benchi zivunjike.

Mjomba, niseme jambo ambalo hatujazoea kuambiana: nakuheshimu mno. Nilidhani natunza nyimbo za mtunzi mzuri. Sasa naona ulikuwa unawatunza watu. Nikiangalia namba hizi naona kabisa nani alikuja kwenye mvua na nani alibaki shambani.

Wanakwaya wote hawajambo, isipokuwa tumemsimamisha Theodosia, binti wetu wa sauti ya pili. Ana ujauzito na hajaolewa, na kanuni ya saba ya kwaya iko wazi. Barua niliiandika mimi kama katibu. Ni pengo, maana hakuna anayeshika sauti ya pili kama yeye, lakini tufanyeje.

Sasa swali la mwalimu wa hesabu. Lile daftari ulilofungia nota ni la mahudhurio, la mwaka 1989. Juu ya nota umeandika tarehe, Jumatano 11 Oktoba 1989. Nikafungua tarehe hiyo kwenye daftari. Waliohudhuria ni kumi na wanane, nimehesabu mara tatu, kwa majina na kwa alama za vema. Mjomba, siku hiyo ulikosea kuhesabu? Kama ulikosea, basi jina lenyewe lilikuwa na hitilafu tangu mwanzo, na nadhani mzee Aidan ataachiwa aweke "Fungua Dirisha" kwa amani. Usinikasirikie. Umenilea mwenyewe kupenda hesabu zinazokubali.

Akupendaye,
Oliva


Ruhuwiko,
7 Aprili 2024

Oliva,

Heri ya Pasaka. Kuku ni kumi na mmoja.

Sikukosea kuhesabu.

Daftari lile sikukusudia likufikie. Nilichukua la juu kwenye sanduku bila kutazama mwaka. Naomba usiendelee kulifungua.

Wimbo ule kwa sasa msiurekodi. Hizo nyingine tano chukueni.

Huyo Theodosia, siku za mazoezi huwa yuko wapi?

Otto


Tabora,
28 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Watoto wanakusalimu. Mdogo ameota jino la mbele, kubwa kuliko mdomo wenyewe.

Barua yako imenisumbua. Sijui nimekukosea wapi. Kama ni kule kusema ulikosea hesabu, nisamehe, nilikuwa natania. Lakini studio tumeshaandikishwa tarehe 10 Agosti, na "Kumi na Tisa" ndio wimbo wanaoupenda kuliko zote. Nikiwaambia tumekatazwa watataka kujua kwa nini, na mimi sijui.

Nilimpigia Mama. Tukaongea mahindi, tukaongea maharage, tukaongea bati la jiko lililoezuliwa na upepo. Kisha nikamuuliza kama anaukumbuka wimbo wako wa mwaka 1989, wa dirisha. Akasema, "Muulize mjomba wako." Nikamwambia mjomba hasemi. Akaniambia kuna ng'ombe wa jirani ameingia shambani. Mama, unamjua, kanisani hukaa benchi la mwisho na wimbo ukianza hufunga mdomo. Tangu utotoni nilidhani hana sauti.

Umeniuliza kuhusu Theodosia. Sikuona swali hilo linahusiana na nini, lakini nakujibu. Jumanne na Alhamisi hukaa kwenye kibanda cha chapati, ng'ambo ya barabara kutoka kanisani. Hanunui kitu. Nilidhani anamsubiri mtu.

Mjomba, nakuomba.

Oliva


Tabora,
9 Juni 2024

Mjomba Otto,

Shikamoo. Wiki sita sasa. Pankrasi ameniambia kwa simu kwamba u mzima na umesafiri kwenda Lusewa. Nilitaka kukupigia na wewe, nikakumbuka ulivyozoea kusema kuwa kwenye simu unajibu haraka na baadaye hulipendi jibu lako. Basi nasubiri kwa karatasi.

Oliva


Ruhuwiko,
23 Juni 2024

Mwanangu Oliva,

Umesubiri, nami sikukaa kimya kwa kiburi. Ulichoniuliza si changu peke yangu, na mwenyewe haulizwi kwa simu. Barabara ya Lusewa ilikuwa tope mpaka mwezi wa tano, na baada ya hapo mguu. Nilipofika nilimkuta mama yako anapukuchua mahindi. Nikakaa, nikapukuchua naye siku mbili nzima bila kusema lililonipeleka. Siku ya tatu nikamwambia Oliva ana daftari la 1989. Hakuinua uso. Akamaliza gunzi lililokuwa mkononi, akachukua jingine, akasema, "Mwambie." Ndiyo ruhusa niliyopewa.

Suzana, dada yangu, alikuwa sauti ya pili bora niliyopata kumfundisha. Sisemi hivyo kwa udugu. Nimefundisha kwaya miaka thelathini na nne na sijakutana na mwingine. Ukimpa nota mara moja hakuna haja ya kurudia, na wengine wakipotea wanamfuata yeye, si mimi. Agosti ya 1989 ikajulikana ana mimba. Kanuni yetu ilikuwa kama yenu, sijui hata kama tuliiazima kwenu au ninyi mliiazima kwetu. Septemba ikielekea kwisha kamati ikaandika barua. Na barua ile, Oliva, niliisoma mimi mbele ya kwaya nzima, kwa sauti yangu hii, yeye akiwa amekaa benchi la pili. Aliyempa mimba naye alikuwepo, akasikiliza kama wengine. Jina lake limo katika wale kumi na wanane, na alama ya vema iliyo mbele yake ni mwandiko wangu. Ni lipi, mama yako hakunipa ruhusa ya kulisema.

Wiki iliyofuata nikasikia sauti ya pili inatoka ukutani. Alikuwa nje, upande wa kisima, amesimama chini ya dirisha lililofungwa, anaimba sehemu yake. Nikajifanya sikusikia. Mazoezi yaliyofuata alikuwepo tena. Mara ya tatu niliondoka kwenye kinanda, nikaenda nikafungua dirisha, nikarudi kukaa. Tukaendelea na mazoezi. Nikaenda nyumbani nikatunga wimbo ule kwa siku nne. Jumatano, tarehe 11 Oktoba, tukauimba kwa mara ya kwanza, kumi na wanane ndani na mmoja nje. Nikaandika Kumi na Tisa. Wewe sikukuhesabu, kwa sababu ulikuwa bado hujashika sauti.

Mwezi wa kumi na mbili ukazaliwa. Kamati ikamwandikia kwamba sasa anaweza kuomba kurudi. Hakuomba. Hajaimba tena mpaka leo.

Watu wakiusifu wimbo ule mbele yangu huwa natazama chini. Wanasema ni wimbo wa mtu mwenye imani kubwa. Mimi najua ni wimbo wa mtu mwoga. Nilifungua dirisha, Oliva. Mlango ulikuwa hatua tano kutoka pale, funguo zilikuwa mfukoni mwangu, na sikuufungua. Ulipoandika kwamba barua ya binti yule uliiandika wewe, mtoto wa Suzana, nilishindwa kushika kalamu. Sikulaumu. Ungejuaje? Sisi ndio tuliokuficha.

Mimi nina miaka sitini na tisa na kuku tisa. Wewe una daftari la mahudhurio na kalamu ya katibu. Wimbo nimekuachia. Fanya unavyoona.

Mjomba wako,
Otto


Tabora,
18 Agosti 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa Mama ukimwona.

Barua yako niliipata Jumanne na sikuweza kuingia darasani. Nililia, halafu nikakasirika, na niseme ukweli, nilikukasirikia wewe kwanza. Kisha nikajikasirikia mimi, hapo ndipo hasira ikapata mahali pa kukaa. Mwoga haandiki wimbo kama ule, Mjomba, au kama anaandika, basi ni mwoga aliyejihesabia kosa lake kwa miaka thelathini na mitano na kuliweka jina lake hadharani kila ulipoimbwa. Bado nakuheshimu. Zaidi ya zamani, kwa kuwa sasa najua ninachokiheshimu.

Kwenye kikao cha kamati nilitoa nakala ya barua niliyomwandikia Theodosia, nikaisoma. Nikauliza yule kijana wa sauti ya tatu, ambaye sote tunamjua, barua yake iko wapi. Mzee Aidan akasema kanuni ni kanuni. Nikamjibu kanuni ya saba haikutaja binti, inasema mwanakwaya. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakaamua suala liahirishwe hadi mkutano mkuu wa Oktoba, na mpaka hapo jina lake lisirudi daftarini. Nikakubali. Daftarini halikurudi.

Ila Alhamisi ile nilivuka barabara hadi kwenye kibanda cha chapati. Nikamwambia, "Twende." Akasema, "Dada, wewe si ndiye uliyeniandikia?" Nikasema ni mimi, na ni mimi ninayekuja kukuchukua. Hakunisamehe pale pale, lakini akainuka. Nikampeleka kwa mlango mkubwa wa mbele, si wa pembeni. Alipofika mahali pake, Rosemary, ambaye ndiye aliyekuwa amepewa nafasi yake, akasogea bila kuambiwa. Mzee Aidan akatazama paa. Kisha akapiga makofi mawili kama kawaida yake, akasema, "Haya, tuanze."

Tarehe 10 tumerekodi. Kwenye daftari ni thelathini na wanne. Tulioimba ni thelathini na watano. Wimbo unaitwa "Kumi na Tisa" na mzee Aidan mwenyewe ndiye aliyemkatalia fundi wa studio aliposema namba si jina.

Nimeweka nyimbo kwenye flashi, ipo ndani ya bahasha. Theodosia ndiye anayeongoza ubeti wa tatu. Kuna mahali anachelewa kidogo, fundi alitaka turudie, sikutaka, alikuwa amechoka, mimba imefika miezi saba. Daftari la 1989 nakurudishia. Nimelishona kwa uzi pande zote tatu. Majina yale kumi na manane nilikuwa nimeshayahesabu, lakini kuyasoma sikuyasoma, na sitayasoma. Likitaka kufunguliwa, Mama atalifungua.

Akupendaye sana,
Oliva


Ruhuwiko,
15 Septemba 2024

Mwanangu Oliva,

Marahaba. Flashi imefika. Redio yangu ina tundu lake, lakini mimi sikuwa najua ni la nini, mpaka Pankrasi akanionyesha na kujivunia wiki nzima.

Sikuusikiliza peke yangu. Nilingoja mama yako aje mjini, na alikuja Jumamosi na debe la maharage. Akakaa barazani anachambua. Sikumwambia kitu. Nikawasha.

Nitakueleza kama nilivyoona, nisiongeze. Ulipoanza, mikono yake ilisimama. Kisha ikaendelea. Kibwagizo cha kwanza, anachambua. Cha pili, anachambua. Mimi nilikuwa natazama kuku, maana kumtazama yeye sikuweza. Ulipofika ubeti wa tatu akainua kichwa, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni Theodosia, binti wa kwenye kwaya ya Oliva, alikuwa na mimba ya miezi saba walipourekodi, alisimamishwa, Oliva akaenda kumchukua akamwingiza kwa mlango.

Akasema niurudishe mwanzo. Nikaurudisha. Akausikiliza wote tena, sinia likiwa mapajani. Wimbo ulipokwisha aliokota maharage mabovu matatu, akayatupia kuku, ndipo akaniambia neno ambalo nakuandikia kama alivyolitoa, kwa kuwa ndilo la kwanza kuhusu kuimba nililolisikia kwake tangu mwaka ule:

"Mwandikie Oliva amwambie huyo binti asingoje nukta ya mwisho wa mstari. Ubeti wa tatu, avute pumzi mapema, kwenye neno 'dirisha'. Mtoto akishafika miezi saba anakuwa amekaa juu, pumzi haitoshi. Mimi nilikuwa naivutia pale."

Mjomba wako,
Otto